Anwani Si Chanzo: Kurejelea Vyanzo vya Kielektroniki katika Kazi za Kitaaluma

Ukifungua kurasa za mwisho za tasnifu nyingi, utakuta vitabu vimeorodheshwa kwa unadhifu: jina la mwandishi, mwaka, kichwa, mchapishaji. Ukifika kwenye vyanzo vilivyopatikana katika intaneti, unadhifu huo hutoweka. Unakuta msururu wa herufi, mikwaju na alama za kuuliza unaoanza na https na kumalizikia mistari miwili chini, pasipo mwandishi, pasipo kichwa, pasipo tarehe. Mwanafunzi aliyeandika hivyo hakukusudia kumficha msomaji jambo lolote. Ameamini tu kwamba, kwa kuwa anwani ile ndiyo iliyomfikisha kwenye maandishi, basi ndiyo chanzo chenyewe. Imani hiyo ndiyo mzizi wa makosa mengi yanayofanyika katika eneo hili, na mtu akiing'oa, kanuni zilizoonekana kama masharti yasiyo na sababu humwelea bila kuzikariri.

Anwani ya tovuti hueleza mahali ambapo maandishi yalihifadhiwa siku fulani. Haielezi maandishi hayo ni yapi. Mtu anayetaja kitabu hasemi kwamba kipo kwenye rafu ya tatu upande wa dirisha, kwa sababu anajua kwamba mkutubi akipanga upya maktaba, maelezo hayo hayatamfaa yeyote. Husema kimeandikwa na nani, lini, kinaitwaje na kimetolewa na nani, na kwa maelezo hayo kitabu kitatafutwa katika maktaba yoyote. Rejeleo la chanzo cha kielektroniki linapaswa kuwa na nguvu hiyohiyo: anwani ikifa kesho, msomaji abaki na maelezo ya kutosha kukitafuta chanzo kwa njia nyingine na, akikipata, awe na hakika kwamba ndicho.

Anwani hufa na maandishi hubadilika

Mwaka 2014 Martin Klein na wenzake walichapisha katika jarida la PLOS ONE matokeo ya uchunguzi wa zaidi ya makala milioni 3.5 za kitaaluma zilizotolewa kati ya mwaka 1997 na 2012. Walibaini kwamba makala moja kati ya tano ilikuwa na marejeleo ya wavuti yaliyooza, na kwamba zikihesabiwa zile tu zilizotaja kurasa za wavuti, ni makala saba kati ya kumi. Mwaka huohuo Jonathan Zittrain, Kendra Albert na Lawrence Lessig walionyesha kuwa nusu ya anwani zilizotajwa katika hukumu za Mahakama ya Juu ya Marekani hazikumfikisha tena msomaji kwenye maelezo yaliyokusudiwa. Miaka kumi baadaye kituo cha utafiti cha Pew kiliripoti kwamba asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka 2013 hazikuweza kufunguliwa tena baada ya mwongo mmoja.

Uozo huo una sura mbili, na ni muhimu kuzitofautisha. Ya kwanza ni kufa kwa kiungo: msomaji anabonyeza anwani na kuambulia patupu, kwa kuwa tovuti imefungwa au imepangwa upya na ukurasa ukahamishwa. Hasara hii angalau hujitangaza. Ya pili ni kubadilika kwa maudhui: anwani inafunguka vizuri kabisa, lakini kilichomo si kile alichokisoma mwandishi. Takwimu zimesasishwa, aya imefutwa, kichwa kimerekebishwa. Kwa maoni yangu sura hii ya pili ndiyo ya hatari zaidi, kwa sababu msomaji hana dalili yoyote ya kumwonya. Ataona nambari tofauti na zile zilizonukuliwa, na atahitimisha kwamba mwandishi amekosea au amesema uongo, ilhali mwandishi alinukuu kwa uaminifu toleo ambalo halipo tena.

Kwa hiyo rejeleo la kielektroniki hubeba mzigo ambao rejeleo la kitabu halikuwa nao kwa uzito huo. Kitabu kilichokwisha kupigwa chapa hakijibadilishi rafuni. Chanzo cha kielektroniki chaweza. Mwandishi analazimika kusema alisoma chanzo gani na, panapohitajika, alikisoma kikiwa katika hali gani.

Kitambulisho kisichohama

Jumuiya ya wanataaluma ilikwisha kulitafutia tatizo la anwani ufumbuzi, nao ni kitambulisho kinachojulikana kwa herufi tatu, DOI. Mfumo huo ulianza kutumika mwaka 2000, na mwaka 2012 ukawa kiwango cha kimataifa kwa jina la ISO 26324. Wazo lake ni jepesi. Badala ya kuitaja makala kwa mahali ilipo, makala hupewa nambari yake ya kudumu, na nambari hiyo husajiliwa katika daftari kuu linaloonyesha makala iko wapi kwa sasa. Mchapishaji akihamisha tovuti yake, huenda kurekebisha daftari, nambari haiguswi. Msomaji anayeifuata nambari hupelekwa mahali papya bila hata kujua kwamba pamehama.

Tuchukue makala ileile ya Klein na wenzake. Kitambulisho chake ni https://doi.org/10.1371/journal.pone.0115253. Sehemu ya kwanza, hadi kwenye doi.org na mkwaju wake, ni mlango wa daftari. Kinachofuata, 10.1371, ni kiambishi cha mchapishaji, na kila DOI huanza na 10 na nukta. Baada ya mkwaju huja sehemu aliyoipanga mchapishaji mwenyewe ili kuitofautisha makala hii na nyingine zake zote. Makala hiyo hiyo inatufundisha jambo la pili: jarida lake hutolewa kwa njia ya kielektroniki pekee, hivyo haina ukurasa wa kwanza wala wa mwisho ndani ya juzuu, ina nambari ya makala, e115253, na nambari hiyo ndiyo inayoandikwa mahali ambapo tulizoea kuandika kurasa. Mwanafunzi anayekosa usingizi akitafuta nambari za kurasa ambazo hazikuwahi kuwapo anajitesa bure.

Kanuni zinazotokana na hayo ni chache. Chanzo chenye DOI kirejelewe kwa DOI, hata kama kilisomwa kupitia hifadhidata nyingine au kilichapishwa pia kwenye karatasi. DOI iandikwe kama kiungo kamili kinachoanza na https. Maumbo ya zamani, yaani yale yenye dx mbele ya doi.org au yenye neno doi na nukta mbili, bado yatakutana nawe katika makala za zamani, lakini hayapendekezwi tena. Katika mfumo wa marejeleo wa APA, yaani wa Chama cha Saikolojia cha Marekani, nukta haiwekwi baada ya DOI mwishoni mwa rejeleo, kwa sababu nukta hiyo yaweza kunakiliwa pamoja na kiungo na kukiharibu. Katika mfumo huo tarehe ya kusoma makala yenye DOI haihitajiki, wala jina la hifadhidata.

Ni lazima pia kuonya kuhusu anwani ambazo mtu hunakili kutoka kwenye kivinjari akiwa ameingia kwenye mfumo wa maktaba ya chuo chake. Anwani hizo mara nyingi hubeba jina la seva ya maktaba au alama za kikao kile tu, na mtu wa nje akizifungua huombwa nywila asiyokuwa nayo. Vivyo hivyo, anwani ya matokeo ya utafutaji si anwani ya chanzo, na injini ya utafutaji haiwi chanzo, kama ambavyo katalogi ya maktaba haiwi kitabu.

Maswali ya kuuliza kila chanzo

Mifumo ya marejeleo ni mingi, na wanafunzi hulalamika kwa haki kwamba kila idara ina wake. APA hutumika sana katika saikolojia na elimu, na toleo lake la 7 lilitoka mwaka 2019. MLA, ya Chama cha Lugha za Kisasa cha Marekani, inayotumika zaidi katika lugha na fasihi, ilitoa toleo la 9 mwaka 2021. Mwongozo wa Chicago umefikia toleo la 18, la mwaka 2024. Mfumo wa Vancouver ulizaliwa katika mkutano wa wahariri wa majarida ya tiba mwaka 1978. Kiwango cha kimataifa, ISO 690, kilirekebishwa mara ya mwisho mwaka 2021. Mfumo uitwao Harvard, ambao asili yake hutajwa kuwa makala ya mwanazoolojia Edward Laurens Mark ya mwaka 1881, hauna mwongozo mmoja rasmi kabisa; ndiyo sababu vyuo viwili vinaweza kuudai mfumo huo na bado vikatofautiana katika mikato na mabano. Anayeambiwa atumie Harvard aombe mwongozo wa chuo chake, kwa kuwa jina pekee halitoshi.

Tofauti hizo, hata hivyo, ni za mpangilio na alama za uakifishaji. Chini yake maswali ni yaleyale: nani, lini, nini, ndani ya nini, na kinapatikanaje.

Swali la nani huwasumbua watu kwa kuwa kurasa nyingi za wavuti hazina jina la mtu. Mara nyingi jibu lipo: mwandishi ni taasisi iliyoutoa ukurasa huo, na jina lake ndilo linaloandikwa mwanzoni. Ikiwa hata taasisi haijulikani, kichwa huchukua nafasi ya mwandishi. Hapo, lakini, ningemsihi mwandishi asimame kwanza ajiulize kwa nini anategemea maandishi ambayo hakuna aliye tayari kuyaitikia.

Lini ndilo swali linalojibiwa vibaya zaidi. Chini ya kurasa nyingi za wavuti kuna mwaka ulioandikwa kando ya alama ya hakimiliki, na mwanafunzi huuchukua mwaka huo kama mwaka wa kuchapishwa. Mwaka huo ni wa tovuti nzima, na mara nyingi hujibadilisha wenyewe kila Januari. Hausemi lolote kuhusu siku ambayo ukurasa uliandikwa. Tarehe inayofaa ni ile iliyo karibu na kichwa au mwishoni mwa maandishi yenyewe, ikiwa tarehe ya kuchapishwa au ya kusasishwa mara ya mwisho. Isipokuwapo, andika kwamba hakuna tarehe. Mifumo mingi inaruhusu, na kukiri hivyo ni bora kuliko kubahatisha. Tarehe yoyote unayoiandika, taja mwezi kwa jina lake, kwa maana 03/04/2021 ni Aprili kwa wasomaji wengine na Machi kwa wengine.

Ndani ya nini ni swali ambalo MLA ililipa uzito mkubwa katika toleo lake la 8, la mwaka 2016, kwa kuleta wazo la chombo. Makala imo ndani ya jarida, na jarida limo ndani ya hifadhidata; sura imo ndani ya kitabu, na kitabu kimo ndani ya maktaba ya kidijitali; kipindi kimo ndani ya mfululizo, na mfululizo umo ndani ya tovuti inayourusha. Mwandishi akizoea kuona vyombo hivi vilivyopakatana, hatachanganya tena jina la makala na jina la tovuti, wala hatashangaa akikutana na aina ya chanzo ambayo mwongozo wake haukuitolea mfano. Naliona wazo hili kuwa la manufaa hata kwa asiyetumia MLA.

Kuhusu namna kinavyopatikana, neno linalobaki ni tarehe ya kusoma chanzo. APA huitaka tu kwa kurasa zilizokusudiwa kubadilikabadilika, ambazo hazijahifadhiwa popote kama zilivyokuwa. Chicago huitaka pale ambapo ukurasa hauna tarehe ya kuchapishwa au ya marekebisho. MLA huiacha kwa uamuzi wa mwandishi. Miongozo mingi ya aina ya Harvard huitaka kwa kila chanzo cha mtandaoni. Tofauti hizi zinaeleweka mara tu mtu anapokumbuka kazi ya tarehe hiyo: inashuhudia hali ya ukurasa siku ile. Makala yenye DOI haiuhitaji ushahidi huo. Jedwali la takwimu linalosasishwa kila wiki linauhitaji sana.

Vyanzo vyenye matoleo

Faili ya PDF si aina ya chanzo. Kitabu kilichopigwa picha na kuwekwa katika PDF ni kitabu, ripoti ni ripoti, tasnifu ni tasnifu, na kila kimoja hurejelewa kwa kanuni zake huku kiungo kikiongezwa mwishoni. Kitabu cha kielektroniki kisicho na kurasa za kudumu hunukuliwa kwa sura, kichwa kidogo au nambari ya aya. Nambari za mahali zinazoonyeshwa na kifaa fulani hazimsaidii msomaji mwenye kifaa kingine. Video au sauti hunukuliwa kwa dakika na sekunde ambapo maneno yanasikika. Barua pepe, kwa APA, ni mawasiliano binafsi: hutajwa ndani ya maandishi tu na haziingii katika orodha, kwa kuwa msomaji hawezi kuzifikia.

Makala za awali, zile zinazowekwa hadharani kabla ya kupitiwa na wataalamu wenzi, zinahitaji uangalifu zaidi. Hifadhi ya arXiv, iliyoanzishwa na Paul Ginsparg mwaka 1991, hutunza kila toleo la makala na kulipa alama: v1, v2 na kuendelea. Matokeo yanaweza kubadilika kati ya toleo la kwanza na la tatu, kwa hiyo alama ya toleo ni sehemu ya rejeleo. Ikiwa makala imekwisha kuchapishwa katika jarida, isomwe na kurejelewa ile ya jaridani, isipokuwa hoja yako inahusu tofauti zenyewe. Data na programu za kompyuta zina tabia hiyohiyo. Zenodo, hifadhi iliyofunguliwa mwaka 2013 na CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa fizikia, hutoa DOI mbili: moja ya kila toleo na nyingine inayowakilisha matoleo yote kwa pamoja, na anayetaka hesabu zake zirudiwe na mwingine lazima ataje ile ya toleo alilolitumia. Hata Wikipedia, ambayo walimu wengi huikataa kama chanzo, ina kiungo cha kudumu kwa kila toleo la kila makala, na anayeichunguza kama mada ya utafiti hana udhuru wa kutotumia kiungo hicho.

Kwa kurasa za kawaida ambazo hazina matoleo yanayoonekana, mwandishi anaweza kujitengenezea nakala ya kudumu. Internet Archive, iliyoanzishwa na Brewster Kahle mwaka 1996, imefungua hifadhi yake ya kurasa kwa umma tangu mwaka 2001 kwa jina la Wayback Machine, na mtu yeyote anaweza kuiomba ihifadhi ukurasa alioufungua sasa hivi. Anwani inayopatikana huwa na tarakimu 14 zinazotaja mwaka, mwezi, siku, saa, dakika na sekunde. Tarakimu 20240315083000 zinasema kwamba nakala ilichukuliwa tarehe 15 Machi 2024, saa mbili na nusu asubuhi kwa saa za UTC, yaani saa za kimataifa. Perma.cc, huduma iliyoanzishwa na maktaba ya sheria ya Harvard mwaka 2013, hufanya kazi ya namna hiyo kwa ajili ya wanasheria na wanataaluma. Katika rejeleo, anwani ya asili na ya nakala zote mbili zinaweza kuandikwa. Kinachohitajika ni kuhifadhi siku ileile ya kusoma. Anayengoja mpaka wiki ya kukabidhi kazi atahifadhi ukurasa mwingine kabisa na asijue.

Maandishi ya akili unde

Majibu yanayotolewa na programu za akili unde hayakai vizuri katika maswali yote niliyoyataja. Hakuna mtu aliyeyaandika, na msomaji akiuliza swali lilelile hatapata jibu lilelile. Mwaka 2023 APA ilielekeza kwamba kampuni iliyotengeneza programu itajwe mahali pa mwandishi pamoja na toleo la programu. MLA, mwaka huohuo, ilikataa kuiita programu mwandishi na kutaka rejeleo lianze na maelezo ya swali lililoulizwa. Mifumo hiyo miwili inakubaliana katika jambo la msingi, yaani matumizi yatangazwe wazi.

Hatari kubwa zaidi ipo kwingine. Programu hizi huweza kuunda marejeleo yenye majina ya waandishi, jarida, juzuu na hata DOI, ambayo hayapo duniani. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 katika shauri la Mata dhidi ya kampuni ya ndege ya Avianca, kwa sababu waliwasilisha hukumu zilizobuniwa na ChatGPT. Hakimu angeweza kuzikagua. Nao wangeweza, kabla yake. Ulinzi ni mmoja: usiandike katika orodha yako chanzo ambacho hukukifungua na kukisoma kwa macho yako. Rejeleo linalofanana na la kweli kwa umbo bado ni la uongo ikiwa hakuna kilicho nyuma yake, na DOI ina faida hapa pia, kwa kuwa ukiibandika kwenye kivinjari itakufikisha kwenye makala inayotajwa, au kwenye nyingine isiyohusika, au itakataa kabisa.

Programu za kupanga marejeleo, kama Zotero iliyotoka mwaka 2006, ni msaada mkubwa na ninazipendekeza kwa kila anayeandika kazi ndefu, lakini huchota maelezo kama yalivyowekwa na tovuti. Tovuti ikiandika jina lake mahali pa mwandishi, programu italichukua hivyohivyo. Majina yenye sehemu mbili hugeuzwa, na vichwa huja vyote kwa herufi kubwa. Anayeandika kwa Kiswahili ana la ziada la kuangalia: maneno yanayozalishwa na programu kwa lugha nyingine yageuzwe kuwa "na wenzake", "hakuna tarehe" na "imesomwa", wakati vichwa vya kazi vibaki katika lugha yake ya asili, kwa kuwa kichwa kilichotafsiriwa hakitafutiki.

Kabla ya kukabidhi, chukua orodha yako ya marejeleo uifungue kwenye kompyuta nyingine ambayo haijaingia katika mfumo wowote wa chuo, ubonyeze kila kiungo kimoja baada ya kingine. Kinachoomba nywila kibadilishwe kwa DOI au anwani ya wazi. Kilichokufa kitafutiwe nakala iliyohifadhiwa, yenye tarehe iliyo karibu na siku uliyosoma. Kinachofunguka kisomwe tena angalau pale uliponukuu, na maneno yakiwa yamebadilika, rejeleo litaje toleo ulilolisoma na tarehe uliyolisoma.